Chembe zenye kuwaka: namna ya kutafuta kansere iliyohamia kwenye mifupa

Kansere ya matiti na ile ya prostati ziko na tabia moja mubaya: mara nyingi zinahamia kwenye mifupa. Seli chache zinatoka kwenye uvimbe wa kwanza, zinapita mu damu, zinajificha kwenye uti wa mgongo, mbavu ao nyonga. Hapo zinaanza kuharibu mufupa polepole.

Shida ni kuziona mapema. Kwa picha ya radio, mufupa unaweza kuonekana muzima mpaka upoteze karibu 30 hadi 50 kwa mia ya madini yake. Siku picha inaonyesha tundu, ugonjwa umeshaendelea.

Ndiyo maana watafiti wanajaribu chembe za nano zenye kuwaka. Nanometa 1 ni milimeta 1 iliyogawanywa mara milioni 1, na nyingi za chembe hizi haziishi nanometa 100. Kazi yao inaenda hivi:

1. Anwani. Kwenye chembe wanafunga dawa ya aina ya bisfosfonati, yenye kushika kalsiamu. Pale mufupa unaliwa, madini yanabaki wazi, na chembe zinakusanyika hapo.

2. Taa. Wanamulika mwangaza usioonekana kwa macho, wa nanometa 700 hadi 900, juu damu na nyama haviumezi sana. Chembe zinaupokea na kurudisha mwangaza mwingine.

3. Kamera. Inakamata ule mwangaza wenye kurudi na kuonyesha mahali.

Kwa panya inatembea vizuri. Kwa mutu je? Mwangaza hauvuki sentimeta chache za mwili, tena unatawanyika, na uti wa mgongo uko ndani sana. Chembe zingine ziko na kadmiamu, ambayo ni sumu. Zingine zinabaki kwenye maini. Msaada wa karibu unaweza kuwa kwenye upasuaji, mufupa ukiwa wazi, ili munganga aone wapi kansere inaishia. Mulango haujafungwa: mwaka 2011, Marekani iliruhusu chembe za silika kutoka Cornell University zijaribiwe kwa watu wenye kansere ya ngozi.

Lakini leo tufanye nini? Mama aliyetibiwa kansere ya matiti akianza kuumwa mgongo, hata usiku akiwa amelala, tusimwambie "ni uzee" na kumupa kidonge cha maumivu tu. Apelekwe hospitali, na munganga aambiwe juu ya ile kansere ya kwanza. Asipoijua, atatafuta kwingine.