Watoto wa Mbwa Waliotupwa: Huruma Ikiambatana na Maarifa

Mama mpendwa, huenda siku moja mwanao akarudi kutoka shule akiwa amelikumbatia sweta lake badala ya kulivaa. Ukimwuliza amebeba nini, atanyamaza. Kisha sweta litalia. Ndani yake mna mtoto wa mbwa, macho hayajafunguka, tumbo limejaa kama ngoma, na viroboto wanatembea masikioni. Mwanao atakutazama. Utamjibu nini?

Wengine hujibu upesi, "Kakitupe huko ulikokitoa!" Wengine humimina maziwa kwenye kisahani na kumwachia mtoto kazi yote. Jibu la kwanza humfundisha mtoto kwamba kiumbe dhaifu ni takataka. La pili laweza kumwua mnyama kabla ya mapambazuko, na pengine kuleta maradhi nyumbani. Ipo njia ya tatu. Sisi na familia yetu tuliipitia hapa Mbinga, na twapenda kuwaeleza wasomaji wenzetu yale tuliyojifunza.

WANATOKA WAPI?

Huku kwetu mbwa hafugwi kwa urembo. Hulinda mahindi yasiliwe na ngedere na nguruwe pori, na wakati wa mavuno hulala karibu na kahawa inayoanikwa. Kule ziwani, Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, hulinda nyumba na kujitafutia vichwa vya samaki karibu na vichanja vya usipa. Lakini jike hubeba mimba kwa siku 63 hivi tu, aweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, na kila mara huzaa watoto watano, sita, hata zaidi. Madume hupata wenyewe upesi. Majike mara nyingi hutiwa katika mfuko na kuachwa porini.

Wanne wetu walikuwa na kisa kingine. Walikutwa ndani ya kalavati, kando ya barabara ya lami iendayo Mbamba Bay. Mama yao alikuwa amegongwa na gari usiku.

Katika miji mikubwa wako watu waliojitolea kwa kazi hii. Nairobi kuna chama cha KSPCA, ambacho huwapokea wanyama waliotupwa na kuwatafutia nyumba. Arusha kuna shirika la Mbwa wa Africa. Vijijini kwetu kituo ni jiko la mama, na mtaalamu wa kumwendea ni afisa mifugo wa kata. Naye si lazima tumwonee haya. Tangu mwaka 2008 nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, na kumtesa mnyama ni kosa.

ULIZA KWANZA, GUSA BAADAYE

Kabla hujawaingiza ndani, uliza: mama yao alikufaje? Je, alikuwa akiuma watu au mbwa wenzake ovyo? Alitokwa na mate mengi, alipepesuka, alishindwa kumeza? Kama ndivyo, usiwaguse, wala usiruhusu mtoto yeyote awaguse. Mwite afisa mifugo. Yaweza kuwa ni kichaa cha mbwa, na hata mtoto wa mbwa mwenye sura ya kupendeza aweza kuwa nacho.

Sisi tuliwauliza majirani wa pale barabarani. Walisema yule jike alikuwa akila vizuri na hakuwa mkali mpaka siku ile alipogongwa. Hata hivyo afisa mifugo alitupa masharti: wakae mbali na jikoni na vyumba vya kulala, wahudumiwe na watu wazima wawili na kijana wetu wa darasa la sita tu, na kila aliyewashika anawe mikono kwa sabuni. Wadogo waliruhusiwa kutazama kutoka mlangoni. Walilia, lakini wakazoea.

JOTO KABLA YA MAZIWA

Hili ndilo wengi hawalijui. Katika wiki mbili za kwanza mtoto wa mbwa hawezi kujitengenezea joto la kutosha. Akipoa, tumbo lake husimama kufanya kazi. Ukimlisha akiwa baridi, maziwa hukaa tumboni bila kusagika, naye hufa. Kwa hiyo mpashe joto kwanza, polepole, kifuani pako ndani ya kanga, mpaka ajinyoshe na kuanza kutafuta chuchu. Hapo ndipo umlishe.

Wetu walifika mwezi Juni, na kila mkazi wa Mbinga anaijua baridi ya Juni. Tuliwaweka ndani ya boksi lenye matambara makavu, pamoja na chupa ya maji ya moto iliyoviringwa kwa kitambaa kizito. Upande mmoja wa boksi uachwe bila chupa, ili anayeona joto asogee. Wiki ya kwanza pale walalapo pahitaji nyuzi 30 hivi. Kama huna kipimajoto, watazame wenyewe: wakirundikana na kulia, wanaona baridi; wakitawanyika na kuhema, joto limezidi. Kamwe usiwashe jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Moshi wake huua watu pamoja na mbwa.

Kwa mama wa ziwani shida ni kinyume chake. Kibanda cha bati saa sita mchana pale Mbamba Bay ni kama tanuri. Waweke kivulini, penye hewa.

MAZIWA GANI, NA KWA NAMNA GANI?

Lililo bora kuliko yote ni jike mwingine anyonyeshaye, mzima na mpole, akubali kuwapokea. Ukimkosa, ujue kwamba maziwa ya ng'ombe peke yake hayatoshi. Maziwa ya mbwa yana mafuta na protini nyingi zaidi. Sisi tulichanganya kikombe kimoja cha maziwa yasiyoondolewa mafuta, yaliyochemshwa na kupoa, viini viwili vya mayai na kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti. Huu ni mchanganyiko wa dharura. Ukiweza kupata maziwa maalumu ya watoto wa mbwa kwa mganga wa mifugo, nunua hayo. Sisi hatukuyapata, tukaendelea na huu wetu mpaka walipoanza uji.

Tulitumia bomba la sindano lisilo na sindano yake. Mtoto wa mbwa hulishwa akiwa amelala kifudifudi, kama anyonyavyo kwa mama yake. Usimlaze chali kama mtoto mchanga, maana maziwa yataingia mapafuni. Mpe tone kwa tone, naye ameze mwenyewe. Wiki ya kwanza ni kila baada ya saa mbili au tatu, hata usiku. Ndiyo, mama, hata usiku! Tuligawana zamu: baba wa nyumba saa sita, sisi saa tisa, alfajiri kijana.

Baada ya kula, pangusa sehemu zake za siri kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Mama yake hufanya hivyo kwa ulimi, na bila hivyo kitoto hakiwezi kukojoa wala kujisaidia. Kisha mpime. Tuliazima mizani ndogo ya dukani na kuandika uzito katika daftari kila asubuhi. Anayekua huongezeka kila siku. Asiyeongezeka kwa siku mbili ana tatizo, usingoje ya tatu.

VIROBOTO NA MINYOO

Viroboto wengi waweza kummaliza damu mtoto wa mbwa. Tazama ufizi wake: ukiwa mweupe badala ya waridi, ni hatari. Mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, mkaushe mara moja, kisha waondoe waliobaki kwa kitana. Usimpake mafuta ya taa, wala dawa ya kuogeshea ng'ombe. Ni sumu kwake.

Tumbo lile lililojaa kama ngoma mara nyingi si shibe, ni minyoo. Huipata tumboni mwa mama yake na katika maziwa. Dawa huanza kutolewa akiwa na wiki mbili, hurudiwa kila wiki mbili mpaka afikishe wiki nane, na kipimo hufuata uzito. Usimkatie kidonge cha watu, mwachie mtaalamu.

Minyoo hiyo humpata pia mtoto wa binadamu achezaye mchangani na kutia vidole mdomoni. Lakini mayai yake huhitaji wiki mbili au zaidi katika udongo ndipo yaweze kuambukiza. Basi ukifukia kinyesi kila siku umeikata njia yake. Na watoto wavae viatu.

SIKU TULIYOOGOPA

Mmoja wa wale wanne, jike mdogo kuliko wote, alikufa usiku wa tatu. Alikuwa amekaa sana katika baridi ya kalavati. Watoto walimzika chini ya mgomba. Hatukuwaambia kwamba amelala. Tuliwaambia kwamba amekufa, na kwamba hakufa peke yake wala kwa baridi. Hilo liliwatuliza.

Watatu waliendelea. Macho yalifunguka, wakaanza kutambaa, na walipofikia wiki tatu meno yalichomoza. Ndipo mmoja wao, katika pupa ya kunywa, alipomchoma kijana wetu kidole gumba. Tone moja la damu, basi.

Tuliosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kama inavyoshauriwa. Hatukupaka majani wala majivu. Kisha tukaondoka kwenda hospitali. Baba watoto alinung'unika njiani, maana fedha ilikuwa ya mbolea. "Sindano zote hizo kwa jino la kitoto cha mbwa?"

Mwuguzi alimsikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Baba, ugonjwa huu ukishaonyesha dalili hatuna dawa. Dawa yake ni leo."

Kwa kuwa mama wa wale mbwa hakupimwa na chanjo zake hazikujulikana, kijana alianzishiwa sindano na kurudi kila siku aliyopangiwa. Watoto wa mbwa tuliwafungia na kuwatazama kwa siku 10. Walikuwa wazima. Mbolea tulinunua kidogo mwaka ule, na mahindi yalipungua. Kijana yupo. Baba watoto hajanung'unika tena.

Mama, shika jambo hili. Ulimwenguni watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Kati ya kila watu 10 wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa kuwa nacho, wanne hivi ni watoto wa chini ya miaka 15. Nao hufa ilhali kinga ipo tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomchanja Joseph Meister, mvulana wa miaka tisa aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Dalili zaweza kukawia wiki au miezi, kwa hiyo mtoto kuonekana mzima leo si ushahidi. Mfundishe mwanao kusema mara moja akiumwa au akikwaruzwa, naye ajue kwamba hatachapwa kwa kusema.

KUWATAFUTIA NYUMBA

Kuanzia wiki ya nne tuliwapa uji mzito uliochanganywa na usipa waliochemshwa bila chumvi na kutwangwa. Vitunguu hatukutia, maana ni sumu kwa mbwa. Walipofikisha wiki nane walikuwa wanene, wakikimbizana na kuku. Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko, na hawa waliuona.

Hapo ndipo majaribu mengine huanza, kwani watoto hutaka wote wabaki. Tulibaki na mmoja, kwa sababu chakula chetu kinamtosha mmoja. Wawili walipata nyumba, mmoja kwa mkulima, mwingine kwa mvuvi wa Liuli. Kwa kila aliyekuja kuomba tuliuliza maswali matatu: Utamlisha nini? Atalala wapi mvua ikinyesha? Nani atampeleka kuchanjwa?

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kwa kawaida mbwa akiwa na miezi mitatu, kisha hurudiwa kama mtaalamu atakavyoelekeza. Kila tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, mahali pengi mbwa huchanjwa kwa wingi. Mwulize afisa mifugo wako mapema ni siku gani na ni wapi. Kama una jike, mwulize pia juu ya kumfunga kizazi, ili mwakani pasiwe na mfuko mwingine porini.

Wetu anaitwa Tobi, jina walilochagua watoto kwa sababu katika kitabu cha Tobiti kijana Tobia alisafiri na mbwa wake. Ameshachanjwa. Usiku hubweka mara mbili tatu kuelekea shamba la mahindi, kisha hunyamaza, nasi tunajua kwamba ngedere wa kesho watatafuta shamba lingine.