Upasuaji wa Kifafa na Utabiri wa Matokeo Yake

Kwa mtu mwenye kifafa anayeishi Chato, mkoani Geita, ukubwa wa hatari hutegemea sana mahali anapoangukia, kwa kuwa kazi zinazowalisha watu wa huko, yaani uvuvi katika Ziwa Victoria na uchimbaji mdogo wa dhahabu, humweka karibu na maji na mashimo, na hata akibaki nyumbani yupo karibu na moto wa mafiga. Ushahidi wa madhara ya kifafa kisichodhibitiwa ulipatikana zamani katika Tanzania hiihii. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge, wilayani Ulanga, alichapisha mwaka 1992 pamoja na mwenzake Rwiza matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 164 kwa miaka 30, na ikaonekana kwamba takriban theluthi mbili yao walikuwa wamefariki, huku zaidi ya nusu ya vifo hivyo vikihusiana na kifafa chenyewe, kwa mfano kuzama majini, kuungua moto, au kupatwa na mishtuko mfululizo isiyokatika.

Wengi wa wagonjwa husaidiwa na dawa. Utafiti wa Glasgow, Scotland, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba karibu nusu ya wagonjwa waliacha kupata mishtuko kwa dawa ya kwanza na wengine wachache kwa dawa ya pili, lakini baada ya hapo kila dawa mpya iliongeza watu wachache mno. Kutokana na matokeo ya namna hiyo, mwaka 2010 shirikisho la kimataifa la wataalamu wa kifafa lilikubaliana kwamba mtu aliyetumia ipasavyo dawa mbili zilizochaguliwa vizuri bila mishtuko kukoma ahesabiwe kuwa na kifafa sugu, na huyo ndiye anayestahili kuchunguzwa kwa ajili ya upasuaji. Neno "ipasavyo" lina uzito wake vijijini, kwa sababu mgonjwa ambaye dawa yake ya fenobabitoni huisha kwenye zahanati yake kila baada ya miezi michache, naye akakaa bila dawa hadi shehena nyingine ifike, hana kifafa sugu. Ana kifafa kilichokosa dawa, na kumpeleka kwenye kisu kungekuwa kosa.

Upasuaji wenyewe huondoa sehemu ndogo ya ubongo ambamo mishtuko huanzia, na mara nyingi sehemu hiyo huwa katika panja, upande wa ndani juu ya sikio, ilipo hipokampasi, kiungo kidogo kinachohusika na kumbukumbu. Nchini Kanada, wagonjwa 80 wa kifafa cha panja waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapangiwa upasuaji na nusu wakaendelea na dawa, na baada ya mwaka mmoja, kama ilivyotangazwa mwaka 2001, asilimia 58 ya kundi la upasuaji hawakuwa na mishtuko ya kupoteza fahamu, wakati katika kundi la dawa walikuwa asilimia 8 tu. Hata hivyo mwaka mmoja ni muda mfupi. Wataalamu wa London waliowafuatilia watu wazima 615 waliripoti mwaka 2011 kwamba baada ya miaka 5 takriban nusu walikuwa hawajapata tena mishtuko, wakiacha kando ile midogo isiyoondoa fahamu, na kwamba baada ya miaka 10 idadi hiyo ilishuka kidogo tu, hadi asilimia 47.

Kwa hiyo swali la mgonjwa na jamaa zake huwa ni kama yeye atakuwa katika nusu ipi, na jibu huanza kutafutwa kabla ya mashine yoyote kuwashwa, kutoka kwa mtu aliyeuona mshtuko. Kifafa cha panja mara nyingi hutanguliwa na hisia ya kitu kupanda kutoka tumboni kuelekea kooni, au woga wa ghafla usio na sababu. Kisha mgonjwa hukodoa macho asiitike anapoitwa, hutafuna ilhali hana kitu mdomoni, na mkono mmoja hupapasa nguo huku wa pili ukikakamaa na kujipinda. Mkono unaokakamaa humwambia daktari kwamba chanzo huenda kiko upande wa pili wa ubongo, kwa sababu kila upande wa ubongo huongoza upande mwingine wa mwili. Mama anayekumbuka ni mkono upi, au kijana aliyemrekodi ndugu yake kwa simu, ameleta hospitalini kitu ambacho kipimo kifupi cha umeme wa ubongo mara nyingi hukikosa.

Historia ya utotoni nayo ina nafasi yake. Mtoto aliyepata degedege la muda mrefu kwa sababu ya homa huweza kubaki na kovu katika hipokampasi, na kovu hilo, likiwa upande mmoja tu na likionekana katika kipimo cha MRI, ni miongoni mwa dalili njema za kutabiri mafanikio. Uchambuzi mkubwa wa hospitali za Ulaya uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta kwamba miaka miwili baada ya upasuaji zaidi ya wagonjwa 70 kati ya 100 wenye kovu la aina hiyo, au wenye uvimbe usio wa saratani kali, hawakuwa na mishtuko inayowasumbua, ilhali miongoni mwa wale ambao hakuna kasoro iliyopatikana hata katika kipande cha ubongo kilichokatwa, walionufaika walikuwa karibu nusu.

Takwimu hizo za Ulaya hazihamishiki Kanda ya Ziwa bila tahadhari. Katika Kilifi, pwani ya Kenya, utafiti uliotangazwa mwaka 2004 uligundua kwamba karibu mtoto mmoja kati ya kumi waliowahi kuugua malaria ya ubongo alikuwa na kifafa, ikilinganishwa na takriban wawili kati ya mia miongoni mwa ambao hawakuwahi kuugua malaria kali. Malaria ya ubongo, homa ya uti wa mgongo na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa huweza kuujeruhi ubongo mahali pengi kwa mara moja, na pale penye vyanzo kadhaa vya mishtuko, kuondoa kimoja hakuzuii vingine. Ndiyo maana wagonjwa wawili wa Chato wanaoanguka kwa namna inayofanana wanaweza kuwa na matazamio tofauti kabisa.

Wataalamu wamejaribu kuzigeuza dalili hizi kuwa hesabu. Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na kliniki ya Cleveland, Marekani, walitoa nomogramu, yaani mchoro wa kukokotoa uwezekano, unaotumia mambo kama umri ugonjwa ulipoanza, wingi wa mishtuko na aina ya upasuaji. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa wa hospitali nyingine, alama yake ya kutofautisha waliopona na wasiopona ilikuwa takriban 0.6, katika kipimo ambacho 0.5 ni sawa na kurusha shilingi na 1 ni kutokosea kamwe. Mwaka 2023 uchambuzi wa watoto 797 waliopasuliwa katika hospitali ya Great Ormond Street, London, ulipata usahihi wa asilimia 72, na programu changamano za kompyuta hazikuishinda hesabu ya kawaida ya takwimu. Watafiti hao waliona kwamba kinachohitajika zaidi ni taarifa bora, hitimisho ambalo halina ugeni kwa muuguzi yeyote aliyewahi kujaza kadi ya mgonjwa kwa uangalifu.

Afrika Mashariki imekwisha kuonyesha kinachowezekana kwa vifaa vichache. Jijini Nairobi upasuaji wa kifafa cha panja uliripotiwa tangu miaka ya 1990, na katika hospitali ya watoto ya CURE, Mbale, Uganda, timu iliyomshirikisha Daktari Warren Boling ilieleza mwaka 2009 jinsi ilivyochagua kikundi kidogo cha wagonjwa kwa kutumia maelezo ya mishtuko, kipimo cha umeme wa ubongo na picha ya CT, bila kusubiri MRI, na baadhi yao wakaacha kabisa kuanguka. Mkazi wa Chato huanzia zahanati, hupita Hospitali ya Rufaa ya Kanda iliyopo wilayani humo, na akihitaji uchunguzi zaidi huweza kuelekezwa Bugando, Mwanza, au Muhimbili, Dar es Salaam. Thamani ya safari hiyo huongezeka akifika na daftari la tarehe za mishtuko, majina na vipimo vya dawa alizotumia, na muda aliozitumia.

Baada ya upasuaji utabiri huendelea kurekebishwa. Mshtuko mmoja katika siku za mwanzo, wakati kidonda cha ubongo hakijatulia, si lazima uwe ishara ya kushindwa, na katika wale wagonjwa 615 wa London ilionekana kwamba kadiri mtu alivyokaa muda mrefu bila mishtuko ndivyo uwezekano wa kurudiwa ulivyopungua. Dawa haziachwi mara moja. Kwa kawaida huendelea kwa mwaka au zaidi kabla daktari hajaanza kuzipunguza kidogo kidogo, na wapo wanaoendelea kuzimeza hata baada ya miaka mingi bila kuanguka.