Helmut Walcha: Mpiga kinanda asiyeona aliyemhifadhi Bach kwa moyo

Jumamosi alasiri ukipita karibu na kanisa la Kilutheri, iwe Moshi au Bukoba, huenda ukaikuta kwaya mazoezini. Mwalimu hawaanzishi wote kwa pamoja. Kwanza soprano wanaimba sauti yao, wanairudia mpaka inakaa. Kisha alto, kisha tenori, kisha besi. Ndipo mwalimu anainua mkono: "Haya, sasa wote!" Hapo wimbo unapata mwili.

Njia hiyo hiyo ndiyo iliyompandisha mmoja wa wapiga kinanda wakubwa wa karne ya 20, Mjerumani Helmut Walcha. Ila kwaya yake nzima iliishi ndani ya kichwa kimoja, na mwenye kichwa hicho alikuwa haoni.

Walcha alizaliwa Leipzig tarehe 27 Oktoba 1907. Macho yake yalikuwa dhaifu tangu utotoni, na kabla hajatimiza miaka 20 nuru ilikuwa imezimika kabisa. Alikuwa mwanafunzi wa Günther Ramin, mpiga kinanda wa Kanisa la Mtakatifu Thomas, ambako mtunzi Johann Sebastian Bach aliongoza muziki kuanzia 1723 hadi kifo chake. Kijana hakurudi nyuma. Akawa msaidizi wa mwalimu wake hapo hapo kanisani, na mwaka 1929 akahamia Frankfurt, mji aliofanyia kazi tangu hapo.

Ili kuuelewa ugumu wa safari yake, yafaa kukijua chombo chenyewe. Kinanda cha mabomba huimba kwa upepo unaosukumwa na mivukuto. Kikubwa kina maelfu ya mabomba: mengine marefu kupita nyumba, mengine madogo kama kalamu. Mpigaji hukaa mbele ya safu mbili, tatu au zaidi za vibonyezo, huku miguu ikipiga besi kwenye pedali. Asiyeona anaweza kusoma noti za breli kwa vidole, lakini vidole vikishaanza kupiga, nani atasoma? Kwake, muziki usiohifadhiwa haupigiki.

Walcha alihifadhi kwa sikio. Mama yake, na baadaye mkewe Ursula, walimpigia sauti moja tu ya kipande cha muziki, mstari mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Akiushika, walimpigia wa pili, kisha wa tatu, kisha wa nne. Kuziunganisha ilikuwa kazi yake mwenyewe. Alipofika umri wa miaka 40 alikuwa ameshahifadhi kazi zote za kinanda za Bach, muziki ambao kuusikiliza wote huchukua zaidi ya saa kumi. Wenye kumjua hafidhi wa Kurani watauelewa uzito wa jambo hili. Kinachohifadhiwa namna hiyo huwa sehemu ya mtu.

Matunda yake yanasikika. Bach alipenda sana fuga, muziki ambao sauti moja hutangulia na tuni, ya pili ikaidaka, kisha ya tatu, zote zikaendelea kusemezana. Mikononi mwa mpigaji mzembe fuga hugeuka kelele za sokoni. Kwa Walcha unamsikia kila msemaji, hata yule wa katikati ambaye kwa kawaida humezwa na wenzake. Hakumjifunza kama sehemu ya umati. Alikaa naye peke yake kwanza.

Mwaka 1938 alikuwa profesa Frankfurt, na mwaka 1946, mji ukiwa bado kifusi cha vita, akashika kinanda cha Kanisa la Dreikönigskirche. Mwaka uliofuata alianza kurekodi kazi za Bach, na baadaye akairudia safari hiyo kwa mitambo ya sterio hadi mwaka 1971. Alichagua vinanda vya kale vyenye sauti safi: Lübeck na Cappel nchini Ujerumani, Alkmaar nchini Uholanzi, Strasbourg nchini Ufaransa. Wanafunzi walimfuata kutoka ng'ambo, wengi wao Wamarekani. Alistaafu kupiga hadharani mwaka 1981, akafariki Frankfurt tarehe 11 Agosti 1991.

Kati ya yote aliyoyaacha, moja hunigusa kuliko mengine. Bach alipofariki mwaka 1750, naye akiwa amepoteza nuru ya macho katika miezi yake ya mwisho, fuga kubwa ya mwisho katika kitabu chake cha fuga, Die Kunst der Fuge, ilibaki njiani. Tuni tatu zimeshaingia na kukutana, mara wino unakatika. Wataalamu wengi wanaamini tuni ya nne, iliyo mama wa kitabu kizima, ndiyo iliyokuwa ikingojewa. Ni kama mwalimu wa kwaya aliyefundisha sauti zote, akaondoka kabla ya kuinua mkono.

Walcha aliitungia fuga hiyo mwisho, tuni zote nne zikaimba pamoja. Mtu aliyejifunza kila sauti peke yake ndiye aliyesema: haya, sasa wote.