Shangazi na Mlima wa Wanale

Sogeeni karibu, makaa bado yana moto. Leo nawasimulia habari za shangazi yangu wa Namatala, pale Mbale, anayefunga kufuli mara tatu.

Analifunga, analivuta, anakwenda kulala. Mara moyo unamwuliza: una hakika? Anaamka, anapapasa gizani, analivuta tena. Limefungwa. Moyo unatulia kama mtoto aliyenyonyeshwa, halafu unaanza upya. Msimcheke. Wasiwasi ndivyo ulivyo: kila akienda kuhakikisha anapata nafuu ya dakika chache, na nafuu hiyo hiyo inauzoesha moyo kudai tena. Mwili nao unaamini. Mapigo yanakwenda mbio, viganja vinalowa jasho, tumbo linakaza kana kwamba mwizi kashika mlango, kumbe ni paka juu ya mabati.

Vyeti vya watoto, kadi za kliniki na picha ya marehemu mumewe kavitia ndani ya kavera mbili, yaani mifuko ya plastiki, moja juu ya nyingine, kazitundika kwenye boriti. Majirani walikuwa wakimwambia, "Mama, hata jua likiwaka?"

Hata jua likiwaka, ndiyo. Mto Namatala unashuka kutoka miteremko ya Mlima Elgon, unapita mjini, unaingia kwenye kinamasi chenye mashamba ya mpunga. Kwa hiyo mvua ya kutuzamisha haina haja ya kutunyeshea sisi. Uwanja wetu unaweza kuwa mkavu, mnacheza mpira wa makaratasi, na huku milimani maji yanamwagika. Ndiyo maana jioni Shangazi hatazami mawingu ya juu ya nyumba. Anatazama Wanale, ule ukuta wa mwamba unaosimama juu ya mji. Ukimezwa na weusi, anaanza kuinua magunia.

Usiku wa Jumamosi, 30 Julai 2022, alituamsha. Nilikuwa mtu mzima, na bado nilinung'unika. Tulibeba watoto hadi mahali pa juu. Usiku ule mito ya Namatala, Nabuyonga na Nashibiso ilifurika kwa pamoja. Zaidi ya watu 20 walifariki Mbale na kandokando yake. Kulipokucha, tope lilikuwa limefika dirishani kwetu, na zile kavera zilikuwa zinaning'inia, kavu.

Watu wakasema: mnaona, alikuwa sahihi. Alikuwa sahihi kuhusu mto, nami namshukuru mpaka leo. Lakini gharika haikumponya. Iliupa wasiwasi wake ushahidi. Ukishainua gunia, limeinuka, kazi imekwisha. Wasiwasi hauna mahali pa kutua. Januari, wakati wa kiangazi, tone moja likigonga bati alikuwa anakaa kitandani mpaka alfajiri, kashika tochi.

Aliyemsaidia ni binti wa jirani, mtoto wa miaka 11. Jioni moja alikuja akasema, "Bibi, leo Wanale nitaitazama mimi. Nikiona weusi nitakuja kugonga."

Siku ya kwanza Shangazi alitoka mara nne kuona kama mtoto anatazama kweli. Siku ya pili, mara mbili. Walizoea hivyo, wakigawana zamu, hata mvua za Machi zilipoanza. Asubuhi moja binti alikuja kutoa habari za mlima kama kawaida. Alibisha, akabisha tena. Ndani, Shangazi alikuwa anakoroma.