Barabara Nne na Kitovu Kimoja: Umbo la Barabara Kuu za Dar es Salaam

Mwanafunzi akiitandaza mezani ramani ya Mkoa wa Dar es Salaam, ataona mara moja mistari minne mizito inayoanzia karibu na bandari na kutawanyika kama vidole vya mkono uliofunguliwa. Wa kwanza waelekea kaskazini-magharibi hadi Bagamoyo. Wa pili waelekea magharibi hadi Morogoro. Wa tatu, ambao zamani uliitwa Barabara ya Pugu na sasa huitwa Barabara ya Nyerere, waelekea kusini-magharibi. Wa nne washuka kusini kuelekea Kilwa. Karibu kila mtaa mkubwa wa jiji, tangu Tegeta hadi Mbagala na tangu Kimara hadi Gongo la Mboto, umeota kandokando ya mojawapo ya barabara hizo.

Umbo hilo lilitokana na maumbile ya nchi, na historia ya biashara na utawala ikalikaza. Hata leo ndilo linaloamua mwanafunzi wa pembezoni aondoke nyumbani saa ngapi ili awahi kengele ya shule, na mgonjwa afike hospitali baada ya muda gani. Makala haya yanaeleza jinsi umbo hilo lilivyotokea, na kwa nini hesabu ndogo ya duara inaweza kuonyesha dosari yake.

Bahari, mabonde na miinuko

Bandari ya Dar es Salaam ni bonde la mto lililozama. Baada ya zama za barafu kina cha bahari kilipanda duniani kote, na maji ya chumvi yakaingia katika mabonde ya vijito vilivyokuwa vikishuka pwani. Hivyo ilipatikana ghuba iliyofichika, yenye mlango mwembamba na maji yaliyotulia, iliyofaa sana kwa vyombo. Ghuba hiyo ndiyo iliyomvutia Sultani Majid wa Unguja, ambaye katika miaka ya 1860 alianza kujenga mji karibu na kijiji cha Mzizima.

Nyuma ya bandari nchi haikuwa tambarare tupu. Mto Msimbazi hushuka kutoka upande wa vilima vya Pugu, hupita katikati ya jiji la leo na kuingia baharini kwenye daraja la Selander. Upande wa kusini vijito vya Kizinga na Mzinga hukata ardhi ya Temeke kabla ya kuingia katika ghuba ya bandari. Kati ya mabonde hayo kuna migongo ya ardhi iliyoinuka kidogo. Wasafiri wa kale, na baada yao wahandisi, waliipenda migongo hiyo kwa sababu moja iliyo wazi: maji ya mvua hayatuami juu yake. Anayefuata mgongo wa ardhi huvuka mito michache. Anayekatiza kutoka mgongo mmoja hadi mwingine hana budi kujenga daraja kila afikapo bondeni. Ndiyo maana njia za kutoka bandarini kwenda bara zilikuwa rahisi kujengwa, na njia za kuunganisha mtaa na mtaa zikawa ngumu.

Historia inakaza fundo

Jaribio la mapema la kujenga barabara ya magurudumu kutoka Dar es Salaam lilianza mwaka 1877. Mfanyabiashara wa Uingereza William Mackinnon na wenzake waligharimia njia iliyokusudiwa kufika Ziwa Nyasa. Zaidi ya kilometa 100 zilifyekwa, lakini mbung'o waliwaua wanyama wa kukokota magari, na mwaka 1881 kazi iliachwa. Mwaka 1891 utawala wa Wajerumani ulihamisha makao yake makuu kutoka Bagamoyo hadi Dar es Salaam, na mwaka 1905 ujenzi wa Reli ya Kati ulianza kutoka bandarini. Tangu hapo kila kilichosafirishwa kililenga mahali pamoja: gatini.

Baada ya Uhuru fundo hilo lilizidi kukazwa na matukio ya nje. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikakosa njia ya kuaminika ya kusini. Shaba na mafuta yalianza kupita katika barabara ya Morogoro, iliyokuwa mbovu sana sehemu za bara. Katika miaka iliyofuata barabara kuu ya Zambia ilitiwa lami, bomba la mafuta lilikamilika mwaka 1968, na reli ya TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Malori ya nchi jirani yaliyokwenda bandarini yakawa yanatumia barabara zilezile zinazotumiwa na wakazi kwenda kazini.

Wakazi nao waliongezeka upesi. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu 356,286 katika mkoa huu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728, yaani takriban mara kumi na tano. Wilaya tatu za Kinondoni, Ilala na Temeke zimekuwa tano, baada ya Ubungo na Kigamboni kuongezwa. Vidole vya mkono vimerefuka hadi kufika Bunju, Kibamba, Chanika na Kongowe, lakini kiganja kimebaki palepale.

Hesabu ya tao

Udhaifu wa umbo hili unaweza kupimwa kwa hisabati ya sekondari. Chukuliwe watu wawili wanaoishi kandokando ya barabara mbili jirani, kila mmoja umbali wa kilometa 20 kutoka katikati ya jiji, na pembe kati ya barabara hizo iwe nyuzi 50. Ikiwa hakuna njia nyingine, anayetaka kumtembelea mwenzake lazima aingie mjini kilometa 20, kisha atoke kilometa 20. Jumla ni kilometa 40.

Kama ingekuwapo barabara ya kukatiza yenye umbo la tao, urefu wake ungepatikana kwa kuzidisha mzingo wa duara kwa pembe na kugawanya kwa 360:

2 × 3.14 × 20 × 50 ÷ 360 = kilometa 17.4

Safari ingepungua kwa zaidi ya nusu. Mwanafunzi anaweza kuthibitisha pia kwamba njia ya tao huwa fupi kuliko njia ya kupitia kitovu maadamu pembe haizidi takriban nyuzi 115. Barabara za Dar es Salaam zilizo jirani zina pembe ndogo kuliko hiyo. Kwa hiyo, kwa safari baina ya barabara mbili jirani, kuingia mjini ni hasara karibu daima.

Jiji lina tao moja la zamani. Barabara ya Mandela hutoka upande wa bandari huko Kurasini, hukutana na Barabara ya Nyerere penye TAZARA, hupita Buguruni na kufika Ubungo. Hapo huendelezwa na Barabara ya Sam Nujoma hadi Mwenge, katika Barabara ya Bagamoyo. Hapo awali Barabara ya Mandela ilijulikana kwa jina lenye maana ya njia ya kufikia bandarini, na jina hilo laeleza kusudi lake: kuyaepusha malori na mitaa ya katikati ya mji.

Lakini tao hilo liko karibu na kitovu. Likadiriwe kuwa umbali wa kilometa 8 tu. Wale watu wawili wa kilometa 20 wakilitumia, kila safari itakuwa kilometa 12 za kuingia, kilometa 7 za tao na kilometa 12 za kutoka. Jumla kilometa 31. Wameokoa kilometa 9 tu, na wote wamekutana na malori ya bandari katika njia panda zilezile. Tao lililokuwa ukingoni mwa mji zamani sasa limo tumboni mwake.

Foleni huzaliwa kwenye makutano

Mtu aliyekwama katika foleni hudhani kwamba barabara ni nyembamba. Mara nyingi chanzo ni makutano yaliyo mbele. Magari yanayoondoka kwenye taa za kuongozea hupita, katika mstari mmoja, kwa wastani wa gari moja kila baada ya sekunde 2 hivi. Kama taa zingekuwa za kijani daima, magari 1,800 yangepita kwa saa. Lakini penye njia panda ya pande nne, ikiwa kila upande hupewa zamu yake peke yake, kila mstari hupata robo tu ya muda: magari 450 kwa saa, ukiacha sekunde zinazopotea kila taa zinapobadilika. Kuipanua barabara bila kushughulikia makutano ni kama kununua chupa pana yenye shingo ileile.

Kwa sababu hiyo jitihada za miaka ya karibuni zilielekezwa kwanza kwenye mafundo ya tao la Mandela. Daraja la juu la Mfugale lilifunguliwa TAZARA mwezi Septemba 2018. Makutano ya Ubungo, yenye ngazi tatu na yanayoitwa Kijazi, yalifunguliwa Februari 2021, sambamba na kituo kikuu kipya cha mabasi ya mikoani huko Mbezi, ambacho kiliyaondoa mabasi hayo Ubungo. Katika Barabara ya Morogoro mabasi yaendayo haraka, yenye njia zake pekee kati ya Kimara na Kivukoni, yalianza kazi Mei 2016.

Bonde hudai haki yake

Hata hivyo, maumbile hayakusahau. Barabara ya Morogoro huliingia bonde la Msimbazi pale Jangwani, kati ya Kariakoo na Magomeni. Mvua kubwa zinaponyesha, mto hutanda juu ya uwanda wake wa mafuriko, nayo barabara hufungwa. Katika mafuriko ya Desemba 2011 watu zaidi ya 40 walipoteza maisha jijini, na familia nyingi za bondeni zilihamishiwa Mabwepande. Baadaye karakana ya mabasi yaendayo haraka, iliyojengwa Jangwani, ilifurika mara kadhaa na huduma kusimamishwa. Mradi wa kuliendeleza bonde la Msimbazi, ulioidhinishwa mwaka 2022, unahusisha daraja refu zaidi mahali hapo.

Funzo lake kwa jiografia ni dogo na zito. Mji wenye njia nyingi za kukatiza huweza kupoteza daraja moja ukaendelea kupumua. Mji unaotegemea kitovu kimoja ukipoteza daraja moja, nusu yake hukaa ikingoja maji yapungue.

Vivuko vimeongezeka. Daraja la Nyerere la Kigamboni, lenye urefu wa mita 680, lilifunguliwa Aprili 2016; kabla yake wakazi wengi wa Kigamboni walitegemea pantoni. Daraja la Tanzanite, lenye urefu wa zaidi ya kilometa moja juu ya bahari, lilifunguliwa Machi 2022 ili kusaidia lile la Selander. Yote mawili ni ya manufaa, ila yote mawili huwaleta watu karibu na kitovu kilekile.

Matao ya pembezoni

Jibu la hesabu ya tao linapatikana mbali zaidi. Barabara ya kutoka Tangi Bovu hadi Goba, na kutoka Goba hadi Mbezi Mwisho, huunganisha Barabara ya Bagamoyo na ile ya Morogoro. Kutoka Mbezi Mwisho njia nyingine hupita Malambamawili na Kinyerezi hadi Banana, karibu na uwanja wa ndege, katika Barabara ya Nyerere. Kwa mkazi wa Kinyerezi anayempeleka mgonjwa hospitali ya Mloganzila, iliyo nje kidogo ya Barabara ya Morogoro upande wa Kibamba, njia kama hizo huondoa haja ya kwenda kwanza Ubungo.

Ugumu ni kwamba matao huja baada ya nyumba. Mwaka 2017, ili kuipanua Barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kibaha, nyumba nyingi zilizokuwa katika hifadhi ya barabara zilivunjwa. Hifadhi ya sehemu hiyo ilihesabiwa kuwa zaidi ya mita 120 kila upande, ilhali Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 hutenga kwa kawaida mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu. Wengi wa waliobomolewa waliishi hapo miaka mingi na kudai fidia. Barabara ilipatikana, na ni pana. Lakini gharama yake haikuwa ya lami na kokoto peke yake. Huko Chanika, Mbande na Kisarawe ambako mashamba ya mihogo bado yanageuka viwanja, kuacha upana wa njia leo ni kuchora mstari katika ramani. Kungoja miaka ishirini ni kuvunja nyumba ya mtu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Zoezi kwa darasa

Mwalimu anaweza kulikabidhi darasa ramani ya mkoa yenye kipimo, uzi na kipimapembe. Wanafunzi wapime pembe kati ya barabara nne kuu. Wachague sehemu mbili za pembezoni, kwa mfano Mbagala na Gongo la Mboto. Wapime kwa uzi njia iliyopo, kisha wakokotoe tao ambalo lingeweza kuwapo. Mwisho wahesabu ni mabonde mangapi tao hilo lingevuka. Tofauti kati ya urefu wa njia iliyopo na urefu wa tao ndiyo umbali wa ziada ambao mwenyeji wa pembezoni husafiri, na idadi ya mabonde ndiyo madaraja ambayo mhandisi wa kesho atatakiwa kuyajenga.