Sigara katika wadi za akili: Kwa nini wahudumu walihofia marufuku

KWA miaka mingi, moshi wa sigara ulikuwa jambo la kawaida katika hospitali za magonjwa ya akili nchini Uingereza, hata baada ya kufukuzwa katika wadi za magonjwa mengine.

Mgonjwa aliyelazwa kwa sababu ya moyo au mapafu aliambiwa azime sigara mara moja. Lakini aliyelazwa kwa maradhi ya akili alitengewa chumba cha kuvutia, na mara nyingine muuguzi ndiye aliyemwashia.

Sheria ilipokuja kubadilisha desturi hiyo, upinzani haukutoka kwa wagonjwa pekee. Ulitoka pia kwa wauguzi, wasaidizi wao na hata baadhi ya madaktari.

Je, mtu aliyesomea kuponya anawezaje kutetea kitu kinachoua? Watafiti waliowahoji wahudumu hao katika nchi mbalimbali wamegundua kwamba chanzo si ukatili wala uzembe. Aghalabu ni huruma iliyochanganyika na hofu.

Huruma hiyo, hata hivyo, imekuwa na gharama kubwa. Watu wenye maradhi makali ya akili hufariki mapema kwa kati ya miaka 10 na 20 wakilinganishwa na wengine, na wengi wao hawauawi na ugonjwa wa akili. Huuawa na maradhi ya moyo, saratani na magonjwa ya mapafu, ambayo sigara ni miongoni mwa visababishi vyake vikuu.

Ripoti iliyotolewa mwaka wa 2013 na vyuo vya kitaaluma vya madaktari nchini humo ilikadiria kwamba kati ya wavutaji milioni 10 wa Uingereza, hadi milioni tatu walikuwa na tatizo la afya ya akili.

Sheria yaja kwa hatua

Marufuku ya kuvuta sigara ndani ya majengo ya umma na mahali pa kazi ilianza kutekelezwa England mnamo Julai 1, 2007. Hospitali za akili zilipewa mwaka mmoja zaidi wa kujitayarisha, hadi Julai 1, 2008.

Hata muda huo ulipokwisha, marufuku ilihusu ndani ya majengo tu. Uvutaji ulihamia uani na bustanini, na kwa kuwa wagonjwa wengi walikuwa wamezuiliwa hospitalini kisheria, ilibidi muuguzi awasindikize nje kila walipotaka kuvuta.

Ni Novemba 2013 ambapo taasisi ya kitaifa ya kutoa miongozo ya afya, NICE, ilipendekeza kwamba hospitali zote, zikiwemo za akili, ziwe bila moshi kuanzia ndani hadi langoni. Mwongozo huo ulisema pia kuwa wahudumu wasiwasindikize wagonjwa kwenda kuvuta.

Nchini Marekani hali ilikuwa hiyo hiyo. Mapema katika miaka ya 1990, shirika linaloidhinisha hospitali lilipoamuru sigara ziondolewe katika majengo yote, malalamiko yalizidi hadi wadi za akili zikapewa msamaha.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2008 kutokana na nyaraka za ndani za kampuni za tumbaku ulionyesha kwamba kampuni hizo zilikuwa na mkono katika mambo hayo. Zilifadhili tafiti za kutetea dhana kuwa wagonjwa wa skizofrenia wanaihitaji nikotini kama dawa, zikatoa sigara kwa hospitali na kuunga mkono juhudi za kuzuia marufuku.

Hoja za wahudumu

Uchunguzi uliochapishwa nchini Uingereza mwaka wa 2006 uliwalinganisha wahudumu wa hospitali za akili na wale wa hospitali za kawaida. Wa hospitali za akili walikuwa na mwelekeo mkubwa zaidi wa kupinga marufuku katika wadi zao.

Hoja ya kwanza na iliyo nzito zaidi ni usalama. Muuguzi wa wadi ya akili hufanya kazi akijua kwamba anaweza kupigwa wakati wowote, na wengi waliamini kuwa kumnyang'anya mgonjwa sigara ni sawa na kuchokoza mzinga wa nyuki.

Hoja ya pili ni uhusiano. Wahudumu wengi walieleza kwamba mgonjwa asiyetaka kuzungumza ofisini hufungua moyo wake nje, akiwa na sigara mkononi. Kwao, dakika kumi za uani zilikuwa na thamani kuliko saa nzima ya mahojiano rasmi.

Hoja ya tatu ni haki. Mtu aliyefungiwa wadini amepoteza uhuru, kazi, na pengine familia. Wahudumu waliuliza: Je, ni utu kumpokonya pia starehe ya pekee aliyobaki nayo, tena akiwa katika siku ngumu zaidi za maisha yake?

Kuna pia hoja ya kazi yenyewe. Wauguzi hawakutaka kugeuzwa askari wa kupekua mifuko na kunusa vyoo. Walihofia kwamba uvutaji wa kujificha ungeleta hatari ya moto, kwa kuwa mgonjwa angeficha kiberiti chini ya godoro.

Jambo jingine halikusemwa waziwazi sana. Sigara ilikuwa chombo cha kuendesha wadi. Aliyetii alipewa, aliyekaidi alinyimwa. Tena baadhi ya wahudumu walikuwa wavutaji wenyewe, na tafiti zimeonyesha mara kwa mara kwamba mhudumu anayevuta huwa mgumu zaidi kuikubali marufuku.

Takwimu zilivyojibu

Hofu ya fujo ndiyo iliyochunguzwa zaidi. Mwaka wa 2005, watafiti wa Australia, Sharon Lawn na Rene Pols, walikusanya matokeo ya tafiti 26 kutoka nchi mbalimbali.

Waligundua kwamba wahudumu walitarajia matatizo mengi kuliko yaliyotokea. Kwa jumla, ukali wa wagonjwa haukuongezeka, wala haikulazimu kuwafungia peke yao au kuwapa dawa za kutuliza kuliko awali.

Ushahidi mwingine ulitoka kusini mwa London. Shirika la umma linalosimamia hospitali za Maudsley na Bethlem Royal, hii ya pili ikiwa na historia inayoanzia mwaka wa 1247, lilipiga marufuku sigara katika majengo na viwanja vyake vyote Oktoba 2014.

Watafiti walilinganisha visa vya watu kushambuliwa kwa miezi 30 kabla ya marufuku na miezi 12 baadaye. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka wa 2017 katika jarida la Lancet Psychiatry, yalionyesha kwamba mashambulizi yalipungua kwa asilimia 39 kwa mwezi.

Utafiti wa aina hiyo hauwezi peke yake kuthibitisha kwamba marufuku ndiyo iliyoleta utulivu, kwani mambo mengine yanaweza kubadilika katika kipindi hicho. Lakini ulionyesha kwamba maafa yaliyotabiriwa hayakutokea.

Sababu yake si ngumu kuelewa. Kiwango cha nikotini mwilini hupungua kwa nusu katika muda wa takriban saa mbili. Mraibu anayesubiri zamu yake ya kusindikizwa nje huanza kukosa utulivu, kuwa na hasira na kushindwa kutuliza fikira.

Dalili hizo zinafanana mno na dalili za ugonjwa wake. Muuguzi akimwona mgonjwa ametulia baada ya kuvuta, hudhani sigara imetibu akili, kumbe imezima kiu iliyoletwa na sigara iliyotangulia.

Aidha, sigara zenyewe zilikuwa chanzo cha ugomvi. Wagonjwa waliombana, waliibiana, waliuziana na kutishana kwa ajili ya sigara. Mlango wa kwenda uani ulipochelewa kufunguliwa, aliyepokea hasira ni muuguzi.

Kuhusu dhana kwamba kuacha sigara huzidisha huzuni, uchambuzi wa tafiti 26 uliochapishwa na jarida la BMJ mwaka wa 2014 ulionyesha kinyume. Walioacha walipungukiwa na wasiwasi, msongo na huzuni kuliko walioendelea kuvuta, na ilikuwa vivyo hivyo kwa waliokuwa na maradhi ya akili.

Hatari isiyozungumziwa

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo wahudumu wana haki kabisa ya kulichukulia kwa tahadhari, nalo ni kipimo cha dawa.

Kemikali zilizomo katika moshi wa sigara huchochea ini kuvunjavunja haraka baadhi ya dawa za akili, hasa klozapini na olanzapini. Kwa hiyo mvutaji huhitaji kipimo kikubwa kuliko asiyevuta.

Akiacha ghafla, ini hupunguza kasi hiyo katika siku chache. Kipimo kile kile kilichomfaa jana kinaweza kupanda katika damu hadi kiwango cha kumdhuru, na kwa klozapini hatari hiyo ni kubwa, ikiwemo ya kupatwa na kifafa.

Kinachosababisha haya ni moshi, si nikotini. Vibandiko vya nikotini vya ngozini na chingamu zake haviwezi kuchukua nafasi ya moshi huo, hivyo ni lazima daktari apime damu na kupunguza dawa. Mgonjwa akirudia sigara baada ya kutoka hospitalini, hesabu hiyo hugeuka tena.

Marufuku inayotangazwa kwa bango la ukutani tu, bila daktari na mfamasia kuhusishwa, inaweza kumdhuru yule inayedai kumlinda.

Mahakama zaingilia

Suala la haki lilifika mahakamani. Wagonjwa wa Rampton, hospitali yenye ulinzi mkali nchini England, walidai kwamba hospitali ni makazi yao na kwamba marufuku inaingilia maisha yao ya faragha.

Mwaka wa 2009, Mahakama ya Rufaa ilitupilia mbali hoja hiyo. Lakini uamuzi haukuwa wa kauli moja. Mmoja kati ya majaji watatu alitofautiana na wenzake.

Katika kesi nyingine kutoka Uskoti, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua mwaka wa 2017 kwamba hospitali ilikuwa na uwezo wa kukataza uvutaji. Hata hivyo, ilisema kwamba kuwakataza wagonjwa kumiliki tumbaku na kuwapekua kwa ajili hiyo, bila kufuata taratibu zilizowekwa kuwalinda, kulikiuka sheria.

Maamuzi hayo mawili yanaonyesha kwamba wahudumu waliouliza maswali ya utu hawakuwa wakitafuta visingizio. Lengo jema halihalalishi kila njia ya kulifikia.

Kinachobadilisha msimamo

Uzoefu wa hospitali zilizofaulu unaonyesha kwamba wahudumu hawabadilishwi na amri. Hubadilishwa na maandalizi, na zaidi ya yote, na kile wanachokiona kwa macho yao.

Mgonjwa anapaswa kupewa kibandiko au chingamu ya nikotini mara tu anapolazwa, kabla kiu haijamshika. Shirika la Afya Duniani, WHO, liliweka dawa hizo katika orodha ya dawa muhimu mwaka wa 2009. Baadhi ya hospitali za Uingereza pia huruhusu sigara za kielektroniki.

Utafiti mkubwa wa mwaka wa 2016 uliohusisha zaidi ya watu 8,000, karibu nusu yao wakiwa na maradhi ya akili, ulionyesha pia kwamba vidonge vya varenikilini na bupropioni havikuongeza kwa kiwango cha maana madhara ya kiakili yaliyokuwa yakihofiwa.

Muhimu vilevile ni kujaza pengo. Ikiwa mazungumzo bora kati ya muuguzi na mgonjwa yalifanyika uani, basi yapangiwe wakati na mahali pengine: matembezi, mchezo au kikombe cha chai. Kuondoa sigara na kuondoa dakika zile kumi kwa pamoja ni kumwadhibu mgonjwa mara mbili.

Wahudumu wanaovuta nao wanahitaji kusaidiwa kuacha. Mgonjwa atamsikilizaje mtu anayenuka kile anachomkataza?

Humu nchini, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka wa 2007, iliyoanza kutumika Julai 2008, inakataza uvutaji katika mahali pa umma na pa kazi, na imetaja hospitali, kliniki na taasisi nyingine za afya. Kenya ilikuwa imeridhia mkataba wa WHO wa kudhibiti tumbaku mwaka wa 2004.

Hivyo, swali la iwapo sigara inafaa hospitalini lilikwisha kujibiwa na Bunge. Linalobaki kwa kila hospitali ya akili ni lile lililowakabili wenzao wa London: je, muuguzi wa zamu ya usiku, akiwa na wadi nzima mikononi mwake, amepewa mafunzo, dawa na wenzake wa kutosha kuitekeleza sheria hiyo bila kumdhulumu mgonjwa?

Muuguzi aliyemwashia mgonjwa wake sigara hakumtakia mabaya. Alimpa alichokuwa nacho. Akipewa kitu bora cha kumpa, mara nyingi ndiye atakayekuwa wa kwanza kukizima kiberiti.