Kati ya wangapi?

Kwa miaka mingi, kila aliyeandika kuhusu mtaa wa Kibera, Nairobi, alianza na sentensi ile ile: hapa wanaishi watu milioni moja. Tasnifu iliinakili kutoka ripoti, ripoti kutoka gazeti, nasi wa magazeti tukainakili tena kutoka tasnifu. Kisha yakaja matokeo ya sensa ya 2009: watu 170,070. Wapo waliobisha na wangali wanabisha, maana mpangaji wa Kibera leo yuko Makina, mwezi ujao yuko Laini Saba. Lakini hata ukizidisha mara tatu, milioni haifiki.

Mwambie daktari kwamba Kibera ina wagonjwa 500 wa homa ya matumbo, yaani taifodi, atawaza dawa. Mtafiti aliyefunzwa atauliza: kati ya wangapi?

Swali hilo haliji lenyewe. Daktari husoma miaka 6, na akirudi darasani mara nyingi ni kwa uzamili wa upasuaji au magonjwa ya watoto. Amezoezwa kumtibu aliye mbele yake. Asiyefika kliniki hamwoni. Uzamivu nao, ambako mtafiti hufunzwa kuuliza hivyo, kwa desturi ya zamani ni mwanafunzi mmoja na msimamizi mmoja. Unapeleka sura ya pili, unangoja mlangoni, unaambiwa profesa amesafiri.

CARTA, muungano wa mafunzo ya utafiti ulioanza 2008 chini ya kituo cha utafiti cha APHRC cha hapa Nairobi na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, uliivunja desturi hiyo. Wahadhiri wa Nairobi, Moi, Makerere, Dar es Salaam na kwingineko wanaosomea uzamivu wa afya huitwa pamoja kwa semina nne, tangu kuunda swali hadi kuchapisha. Kundi ni lile lile kila mara, hivyo aliyezembea huonekana. Nadhani macho ya wenzako hukusukuma kuliko barua ya msimamizi.

Thamani ya swali la “kati ya wangapi?” ilionekana Gatwekera na Soweto, Kibera. Watafiti wa taasisi ya utafiti ya KEMRI na CDC ya Marekani walipiga hodi nyumba kwa nyumba, wakiandika wanaoishi humo na wenye homa. Wagonjwa walitibiwa bure katika Kliniki ya Tabitha, iliyoanzishwa na muuguzi Tabitha Atieno Festo kwa faida ya kuuza mboga, na damu yao ikaoteshwa maabarani. Utafiti uliochapishwa 2012 ukataja visa 247 vya homa ya matumbo kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Lwak, kule Siaya, vilikuwa 29. Dhana kwamba homa hiyo ni ugonjwa wa mijini ikapata tarakimu. Julai 2025 Kenya ilianza kuwachanja dhidi yake watoto wa miezi 9 hadi miaka 14.

Sasa panda matatu nambari 46 hadi Kawangware. Katika kliniki ndogo za mitaa kama hii, homa hupimwa kwa Widal, kipimo cha bei nafuu kinachokosea mara nyingi, na mgonjwa huondoka na “taifodi” na antibiotiki. Daftari la kliniki kama hiyo humtamanisha mwanafunzi wa uzamivu: majina yamejaa, tarehe zipo. Ni mtego. Haliwezi kumwambia ni wangapi walioumwa wakalala nyumbani.

Nawe wa Kawangware au Kibera, mtafiti akibisha hodi, dai nakala ya fomu ya ridhaa, na kumbuka unaweza kukataa. Kisha muulize majibu atayarudisha lini hapo mlangoni.